Mstari Utakaomnyamazisha Musau

Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024

Vita vimeanza. Leo baada ya ibada Mchungaji Éphraïm alituita watatu ofisini kwake: mimi, Musau mwongoza kwaya, na Mathilde, mkuu wa protokoli, yule anayehesabu watu mlangoni. Mathilde alisoma daftari lake. Wakati wa wimbo wa kwanza: watu mia tatu na kumi na wawili. Wakati wa baraka ya mwisho: mia mbili na arobaini na mmoja. Sabini na mmoja walitoka katikati bila hata kuaga!

Mchungaji akasema ibada imekuwa ndefu mno. Lazima kitu kimoja kipunguzwe. Viko vitatu: nyimbo za kwaya, mahubiri, matangazo.

Mahubiri ni yake mwenyewe. Kwa hiyo viko viwili.

Musau, kwa sauti ile anayoipenda kuliko watoto wake, alishauri matangazo yabandikwe kwenye ubao wa mlangoni, kila mtu ajisomee. Yabandikwe! Mimi, Hénoch Mwepu, mwalimu wa historia kwa miaka thelathini, ndiye katibu ninayesoma matangazo ya parokia hii tangu mwaka 2005. Mbuzi waliopotea, ndoa, vikao vya kina mama, misiba. Kila tangazo nalipa utangulizi, maelezo na, inapobidi, majibu kwa wapinzani. Ubao utawajibuje wapinzani?

Nilimwambia Musau kwamba kwaya yake ndiyo inayofukuza watu. Nyimbo saba, na kila mmoja unarudiwa mpaka Shetani mwenyewe anaujua kwa moyo. Akanijibu, mbele ya Mchungaji: "Mwalimu, weye njo unamaliza bantu! Sisi tunaimba banaamka, weye unasoma banalala." Ati mimi ndiye ninayewamaliza watu! Mathilde alicheka. Na Mathilde ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu! Undugu wa siku hizi.

Mchungaji alisema ugomvi wetu umemchosha tangu mwaka 2011. Baraza la parokia litaamua Jumatano ya tarehe 16. Anayetaka kujitetea alete hesabu, si maneno.

Hesabu! Ni kama kumwambia samaki alete kuni.

Nilipotoka nilipita kwenye benchi la tatu, upande wa kushoto. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Béthanie wangu. Tangu afariki, Februari 2020, watu hawapendi kukaa pale. Maskini Béthanie na vitambaa vyake vya kichwa! Kila Jumapili nikifika dakika ya saba, ya nane ya matangazo, namwona anakishika kwa vidole viwili, hapa juu ya sikio. Kilikuwa kinambana. Nami nifanye nini? Nilikuwa nakatisha, namrudisha nyumbani akapumzike. Nilimnunulia vingine vinne, vipana. Navyo vilimbana.

Siku hizi Jumamosi nasoma matangazo peke yangu uani ili kujizoeza. Kuku wananisikiliza vizuri.

Matangazo hayaendi ubaoni. Nimeapa.


Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Silaha imepatikana!

Katika maktaba ya shule yetu kuna mama anaitwa Nathalie. Anafanya kazi ya takwimu za malaria katika ofisi ya afya. Mumewe ni mwanajeshi kule Base, kambi ya jeshi, yeye mwenyewe kwao ni Mbandaka, na Kiswahili chake kinanukia Kilingala kwa mbali. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri anafundisha bure jinsi ya kuchora na kuhesabu kwa kompyuta. Nilikuta wauguzi wanne na bwana mmoja wa kilimo. Nikakaa mbele.

Programu yenyewe inaitwa R. Herufi moja tu! Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini watu wazima, wenye elimu, waliishiwa na herufi kiasi hicho. Nathalie akasema: "Papa Secrétaire, tuanze na kazi. Historia tutaisoma nyuma." Kwa kuwa alitaja historia, nilimsamehe.

Jambo lenyewe ni rahisi kwa mtu aliyesoma. Kila Jumapili ni nukta. Kwa upana unaweka kile unachokishuku. Kwa urefu unaweka madhara yake. Halafu kompyuta inachora mstari mmoja katikati ya nukta zote. Nathalie alisema mstari huo ni kama mama anayegawa bukari, yaani ugali: haupendelei mtoto yeyote, unatafuta mahali ambapo malalamiko ni machache. Mstari ukipanda, basi kile cha upana kikizidi na kile cha urefu kinazidi. Ukilala, hakuna uhusiano.

Wanaita hiyo régression linéaire, yaani kurudi nyuma kwa mstari. Nilipinga jina. Nimepigana miaka thelathini na watu wanaotaka kurudi nyuma, sasa nijiandikishe kwao? Wauguzi walicheka sana. Nathalie akasema jina halitabadilika leo, na kwamba mvua inakuja.

Mpango wangu uko hivi. Kwa upana: dakika za kwaya. Kwa urefu: watu waliotoka. Mstari utapanda kama moshi. Nitauweka mezani mbele ya baraza. Musau atanyamaza.

Dakika ninazo. Mwaka mzima nimempima Musau kwa saa yangu ya mkononi, na mahubiri pembeni, kila Jumapili, katika daftari ninaloliita Makosa ya Kwaya. Watu wanadhani naandika mahubiri.


Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Nimeazima kompyuta ya maktaba kwa barua ya kurasa mbili. Asubuhi yote naandika Jumapili hamsini na mbili kwa vidole viwili. Idadi ya waliotoka nimeinakili kwa Mathilde, aliyenipa bila kuuliza ni ya nini. Sikupenda jinsi alivyonitazama.

Saa sita niliiamuru kompyuta ichore. Ikajibu kwa Kifaransa: objet 'Kwaya' introuvable. Kwaya haipatikani!

Laiti ingekuwa kweli.

Baada ya saa moja niligundua kwamba jina nililiandika kwanza kwa herufi ndogo, kisha nikaliita kwa herufi kubwa, kwa heshima. Mashine haijui heshima. Nikairudisha herufi ndogo. Kwaya ikapatikana. Nilisikitika kidogo.


Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Siku ya ushindi, kisha siku nyingine kabisa.

Asubuhi niliomba mstari. Nilitegemea mmoja. Kompyuta ikatoa orodha inayoshuka mpaka chini ya ukurasa: namba arobaini na tatu, moja chini ya nyingine, kila moja na dakika zake za kwaya pembeni! Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Nilitaka ushahidi mmoja, nimepewa arobaini na tatu.

Sikungoja darasa. Niliandika barua ya wazi, kurasa nne, "Hatia Arobaini na Tatu za Kwaya Yetu, Kama Zilivyothibitishwa na Sayansi". Saa nne ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa kanisa. Ndiyo, ubao uleule. Kwa barua za wazi unafaa.

Alasiri nilimwonyesha Nathalie. Alitazama mara moja tu. Akauliza dakika nimeziandikaje. Nikasema kama nilivyofundishwa shuleni: ishirini na mbili, mkato, tano. Akasema ndiyo hapo. Sisi huku tunatenganisha kwa mkato, mashine inataka nukta. Ikiona mkato inadhani si namba, ni jina. "Kwa yeye, Papa, 22,5 ni jina, sawa Kabongo, sawa Mulongo. Sasa umeiambia ihesabu kila kijiji peke yake. Hii si hatia arobaini na tatu. Hii ni vijiji."

Nilisimama kuutetea mkato. Nilisema mkato huo walimu waliuingiza vichwani mwetu kwa rula, baba zetu waliutumia, reli yote ilipimwa kwa mkato na treni hazikuanguka kwa ajili hiyo! Kwa nini sisi ndio tubadilike? Kwa nini isibadilike mashine? Nilizungumza kwa muda. Muuguzi mmoja alisinzia.

Nathalie alingoja nimalize, akaongeza neno moja dogo kwenye amri yangu, la kuiambia mashine kwamba hapa Kamina mkato ndio nukta. Ikaelewa. Kumbe inaelewa! Alisema: "Mashine haina matata, Papa. Matata iko katikati ya mkono na mashine."

Nilikimbilia kanisani kubandua barua. Nimechelewa. Chini yake Musau ameandika kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, ongeza zifike mia tufanye fête." Sherehe, anataka!


Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Sasa namba ni namba. Nikachora.

Mara ya kwanza niliweka waliotoka chini na kwaya juu. Yaani nilikuwa nathibitisha kwamba watu wakitoka ndipo Musau anaimba. Nusura nimsafishe mwenyewe!

Mara ya pili sawasawa. Nukta zikaonekana kama mahindi yaliyomwagika. Mstari ukapita katikati yake. Umelala. Umelala kabisa! Ukiinamisha kichwa unaona hata unashuka kidogo: kwaya ikiimba sana, watu wanabaki.

Haiwezekani. Nikatafuta mhaini. Nikampata. Pasaka! Siku ya Pasaka kwaya iliimba dakika hamsini na mbili na nusu na hakutoka hata mtu mmoja. Lakini je, Pasaka ni Jumapili ya kawaida? Watu wana nguo mpya, hawawezi kuondoka bila kuonekana. Nikaifuta. Mstari ukatikisika. Nikafuta Noeli pia. Pentekoste. Mavuno. Siku ya kina mama. Jumapili aliyokuja msimamizi wa wilaya. Kila moja niliipa sababu yake, naziandika hapa ili historia isije kunihukumu: nguo, zawadi, nguo, ndizi, kina mama, woga, na nyingine kumi na tano za aina hiyo.

Kufikia saa tisa zimebaki nukta thelathini na moja. Nzuri! Tiifu! Na mstari unapanda kama kilima.

Kisha nikaiuliza mashine swali la mwisho. Kwaya ikiimba dakika sifuri, watatoka wangapi? Ikajibu: hasi tisa, yaani kutoa tisa. Nilifikiri kwa makini. Wakitoka kutoa tisa, maana yake wameingia tisa. Watu wapya tisa, kila Jumapili, kwa kunyamaza tu kwa Musau! Huo si mstari, ni uamsho.


Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Nilikwenda kwa Mathilde kumwonyesha, ili anitangaze mapema kwa wajumbe wa baraza. Mathilde anauza samaki wa Mulongo uani kwake. Nilimkuta Nathalie pale, anachagua samaki. Vizuri, nikasema, mashahidi wawili. Nikafungua kompyuta juu ya meza ya samaki.

Nathalie alitazama mstari wangu. Akaanza kuhesabu nukta kwa kidole. Akauliza mwaka una Jumapili ngapi. Nikasema inategemea. Akauliza Pasaka iko wapi. Nikasema Pasaka ni ya pekee. Na Noeli? Ya pekee pia. Na Pentekoste? Nikaanza kupanga samaki. Akasema taratibu: "Papa Secrétaire, umemufukuza Yesu mara tatu mu hesabu."

Mathilde alicheka mpaka akaangusha samaki wawili. "Vidye! Mungu wangu! Petro naye alikuwa na jogoo. Weye, Shemeji, nani atakuwikia?"

Nilivumilia. Ndipo Nathalie akauliza swali la hatari. Kwa nini sina safu ya matangazo? Ameona kwaya, ameona mahubiri pembeni, matangazo hakuna. Nikajibu kwa haki: mtu hawezi kusoma na kujipima kwa wakati mmoja. Mathilde akapangusa mikono, akaingia ndani, akarudi na rundo la madaftari ya shule. Tangu Januari 2016! Kila Jumapili ameandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza ya kila kitu. Na yangu pia! "Weye unapima bantu bote na saa yako, Shemeji. Nikajiuliza, na yeye nani anamupima?"

Shemeji wa damu. Miaka minane.

Walichukua Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mathilde anasoma, Nathalie anaandika, vidole vyake vinakwenda kama anachambua sombe, majani ya muhogo. Nukta mia moja hivi. Kwa upana: dakika zangu. Kwa urefu: waliotoka. Hawakufuta hata moja. Nathalie akachora mstari.

Sitaeleza sana mstari huo. Ulipanda.

Nilisema ni mkato. Haukuwa mkato.

Nathalie alitazama zaidi, akasema kuna kitu hapa, hizi si nukta za kundi moja. Akaitafuta tarehe, akazipaka rangi: za zamani buluu, za karibuni nyekundu. Zikajitenga mbele ya macho yetu, kama familia mbili zilizogombana harusini. Buluu zote zimekaa chini pembeni: dakika sita, saba, nane, waliotoka wanne, watano. Nyekundu zote ziko juu kule: dakika ishirini, thelathini, arobaini na moja, waliotoka hamsini, sabini. Katikati hakuna mtu.

Akauliza Februari 2020 kulitokea nini.

Mathilde akaangalia mikono yake. Ilibidi niseme mimi. Nikasema: Béthanie.

Kisha Mathilde akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo si yake: "Shemeji, na ile kitambaa yake… weye haukujuaka?" Nikamwambia najua sana. Kilikuwa kinambana, nilimnunulia vingine vinne. Mathilde akafunika mdomo. Akamvuta Nathalie mpaka jikoni, wakanong'onezana. Waliporudi macho ya Nathalie yalikuwa na machozi. Moshi wa samaki. Mathilde akaanza tena: "Shemeji, sikiliza, Yaya Béthanie alikuwa ana…" Nathalie akamshika mkono. "Acha, Mama. Iko muzuri vile."

Sijui nini kiko kizuri. Mambo ya wanawake na vitambaa.

Kuhusu zile rangi, mwanahistoria haoni fumbo lolote. Tangu mwaka 2020 dunia imekuwa na habari nyingi zaidi. Natangaza kilichopo.


Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Nilikusudia kufupisha, kwa hila, ili kuharibu hesabu zao. Lakini ilibidi nieleze kwanza suala la mkato, maana waumini waliisoma ile barua. Dakika thelathini na nane. Mathilde aliandika waziwazi, akiniangalia usoni. Walitoka sitini na sita.

Mvua ilikuwa inatishia.


Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Naandika nikiwa nimechoka.

Mpango ulikuwa mzuri. Niliwaza hivi: picha ya Mathilde ina nukta buluu na nyekundu. Buluu zinanisifu. Kwa nini kuwachosha wajumbe kwa nyekundu? Nikachapisha buluu peke yake. Nikavaa suti. Nikasimama mbele ya wajumbe saba na Mchungaji, nikawaonyesha mtu ambaye hajafukuza zaidi ya watu watano katika Jumapili moja. Nilizungumza kwa ufupi, dakika ishirini na tano.

Wajumbe walikuwa wanatikisa vichwa, kwa kukubali nadhani. Ndipo Musau akavaa miwani, akaikaribia karatasi. Akasema: "Mwalimu, hii grafu inaishia mwaka 2020. Ulikufa?"

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wote walikuwa kwenye mazishi. Musau naye akakumbuka. Kwaya yake ndiyo iliyoimba siku ile, mpaka kaburini, kwenye tope, na hakuna aliyetoka. Akavua miwani. Akasema: "Samahani, yaya." Tangu mwaka 2011 hajawahi kuniita yaya, ndugu mkubwa.

Nilitaka kumjibu. Jibu nilikuwa nalo, nina majibu kwa kila kitu. Nikafunga kifungo cha suti.

Mchungaji alimwita Mathilde na Nathalie, waliokuwa wanangoja nje. Wakaweka mezani picha nzima, ya rangi zote mbili. Walitazama nyekundu, wakanitazama mimi, wakatazama meza. Afadhali wangenishambulia! Mtu anajua afanye nini akishambuliwa.

Mjumbe mmoja alipendekeza ubao, kwa upole, kama daktari. Mikono ilianza kuinuka. Nilihesabu mitatu. Wa nne ukaanza kujikuna sikio njiani, haujui uende wapi. Nikaona Jumapili zangu zote zimebandikwa kwa misumari minne, mvua inazilowesha, na mimi niko uani na kuku.

Nathalie akaomba ruhusa ya kusema. Yeye si hata wa parokia yetu! Alisema nukta zimeonyesha wakati, hazijaonyesha sababu, na kwamba kabla ya kuondoa kitu, mtu anajaribu kwanza. Wampe Papa Secrétaire Jumapili moja. Dakika nane. Wakitoka zaidi ya kumi, ubao. Wasipozidi, abaki. Yeye mwenyewe atakuja kuangalia. Na kama Mwalimu hakatai, angependa kukaa benchi la tatu, upande wa kushoto.

Nilisema sikatai. Bila shaka anataka kunisikia vizuri.

Musau, ambaye angeweza kunimaliza kwa mkono mmoja, alisema anaunga mkono. Akaongeza kwamba na kwaya itapunguza wimbo mmoja. Namshuku. Mtu haachi wimbo bure.


Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Kwanza niseme wazi: dakika nane ni tusi. Niliandaa thelathini na tano.

Kanisa limejaa. Watu mia tatu na ishirini na wanne, kwa hesabu ya Mathilde. Nathalie amekaa pale, benchi la tatu kushoto, peke yake, na kitambaa cha rangi ya machungwa kilichofungwa juu. Nilipomwona nilipotea mstari. Nikapiga chafya ili watu wasijue.

Nilianza. Utangulizi, kikao cha kina mama, ndoa moja. Kisha mbuzi aliyepotea karibu na reli, mweusi, mwenye sikio lililochanika. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye historia ya kupotea kwa mbuzi katika parokia yetu. Nikainua macho.

Nathalie ameshika kitambaa chake. Vidole viwili. Hapa, juu ya sikio.

Mdomo wangu ulisimama wenyewe. Nilikuwa na kurasa tano mkononi, na jibu kali kwa Musau kwenye ya nne. Nilizikunja. Mtu akiumwa kichwa, mbuzi angoje. Nikasema amina, nikashuka, nikapita karibu naye, nikamuuliza polepole kama kinambana. Akasema: "Kidogo, Papa. Sasa imepoa."

Kule mlangoni Mathilde alikuwa analia na kuhesabu kwa pamoja, jambo ambalo haliwezi kuleta takwimu safi. Lakini Mchungaji alihakikisha. Dakika nane na nusu. Walitoka wanne, na mmoja wao ni mama aliyekuwa na mtoto anayelia. Ubao umeshindwa! Nabaki! Musau alinishika mkono mbele ya watu, akasema, "Haya, yaya." Nilimpa mkono, wa kushoto.

Nimerudi nyumbani, nimekunywa chai, nimelichambua jambo lote kwa utulivu wa kisayansi. Yapo mafunzo mawili.

La kwanza: kwaya ilipunguza wimbo mmoja, na watu wakabaki. Ni wazi kuliko jua! Mstari wangu wa Ijumaa, ule waliouchekea juu ya samaki, ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Barua ya wazi inaanza kesho.

La pili ni zito zaidi, na nashangaa hakuna aliyeliona. Wanawake wawili, wasiojuana, mmoja wa Kamina, mmoja wa Mbandaka, vitambaa tofauti, miaka tofauti. Wote wamekaa benchi la tatu kushoto. Wote vitambaa vimewabana, mahali palepale, dakika ileile ya nane! Nimechora. Nukta mbili. Mstari unapita katikati ya zote mbili bila kukosea hata unywele. Hata Nathalie hajawahi kupata mstari safi kama huu.

Kosa ni la benchi.

Maskini Béthanie, miaka kumi na mitano kwenye benchi lile, na mimi nanunua vitambaa! Lakini halitamtesa mwingine. Jumapili ijayo nitawatangazia waumini wote, pamoja na picha. Nathalie nimemwomba akae palepale mara moja tena, kwa ajili ya uthibitisho, na amekubali haraka sana.

Tangazo liko tayari. Dakika arobaini, bila kuhesabu utangulizi.